Mgongo wa Kibao cha STOP

Mnamo Januari 2017, mvua ikinyesha Lubumbashi karibu kila alasiri, nilijiridhisha kwamba ramani yangu imekamilika. Kwa miezi saba nilikuwa nikijenga, kwenye kompyuta ya mtumba iliyokaa pembeni mwa sebule yetu huko Kampemba, barabara ya kutoka mjini hadi Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, kilomita zipatazo 90, ili iweze kuendeshwa ndani ya Euro Truck Simulator 2, mchezo wa malori uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Jamhuri ya Czech. Mchezo huo huja na programu yake ya kutengenezea ramani, na mtu mwenye subira anaweza kuingiza humo barabara yoyote anayoijua. Barabara ya Kasumbalesa niliijua, au ndivyo nilivyodhani. Kwa kweli nilikuwa nimeipita mara chache tu, nikiwa abiria, tena nimelala.

Alama nilizichora kwa uangalifu mkubwa. Vibao vyetu hufuata mtindo wa Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani, kwa hiyo sikuwa na haja ya kubuni chochote: pembetatu yenye ukingo mwekundu kwa hatari, duara lenye ukingo mwekundu kwa makatazo, duara la buluu kwa amri, pembetatu iliyogeuzwa ncha chini kwa kumpisha mwingine, na pembenane nyekundu ya STOP. Kila alama niliichora kwenye mraba wa pikseli 512 kwa 512, kisha nikaipaka kutu kidogo na vumbi jekundu sehemu ya chini, kwa sababu kibao kisicho na vumbi jekundu hakiwezi kuwa cha Katanga. Nilijivunia lile vumbi kuliko kazi nyingine yote.

Wiki hiyo hiyo mjomba wangu, ambaye nyumbani sote tulimwita Tonton, alirudi kutoka Dar es Salaam alikokuwa amepeleka shaba. Lori alilokabidhiwa lilinunuliwa Afrika Kusini, usukani kulia, na kwa kuwa Kongo tunaendesha upande wa kulia, Tonton alikuwa akiketi upande wa majani na si upande wa katikati ya barabara. Alipotaka kulipita lori jingine hakuweza kuona kinachokuja mbele. Konveyeri wake, yaani utingo, ndiye aliyechungulia dirishani upande wa kushoto na kumwambia apite au asubiri. Kwa miaka mingi maisha yake yalikuwa yametegemea neno moja la kijana aliyekaa pembeni yake, na nadhani ndiyo sababu alikuwa mtu wa kuuliza maswali mengi.

Nilimwomba aijaribu ramani. Akaitazama kibodi, akasema kwamba hawezi kuendesha kamiyo kwa vidole viwili. Akavuta kiti, akaketi kushoto kwangu, mahali pa konveyeri, akaniamuru niendeshe mimi.

Hatukwenda mbali. Kwenye makutano ya kwanza, barabara ndogo inaingia kutoka kulia kwa mshazari, ikija kama inayotukabili. Tonton akainua mkono.

"Simama. Yule anayetoka kule, ana STOP?"

"Ndiyo, Tonton."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na nguzo peke yake, imesimama kwenye majani bila kichwa. Ilinibidi nimweleze kwamba katika michoro ya kompyuta, bapa, yaani kipande tambarare cha umbo, huwa na uso mmoja tu. Ukiitazama kutoka nyuma, mashine haijisumbui kuichora, na kitu kizima hutoweka. Ningeweza kuongeza bapa la pili kwa ajili ya mgongo, lakini sikuona faida yake, kwani maandishi yote yako mbele na nyuma ya kibao hakuna cha kusoma.

"Mwana," akasema Tonton, "mimi naendesha kwa migongo ya vibao."

Akanifafanulia jambo ambalo mimi niliyeusoma mkataba sikulielewa, na yeye ambaye hakuwahi kuuona alilijua. Vibao vingi ni duara au pembetatu ya kawaida, na kwa nyuma huwezi kuvitofautisha kwa maana. Lakini pembenane ni ya STOP peke yake, na pembetatu yenye ncha chini ni ya kupisha peke yake, ili hata aliye upande wa pili, au anayekikuta kibao kimefunikwa na tope, ajue kwa umbo tu ni nani aliyeamriwa kungoja. Akiuona mgongo wa pembenane, huendelea na mwendo wake huku mguu ukiwa karibu na breki. Asipouona, hushika kanuni ya kawaida, yaani anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, naye hupunguza mwendo na kumngoja.

"Sasa hapa yeye umemwambia anipishe, na mimi umeniambia nimpishe. Tutangojeana mpaka usiku."

Kabla sijapata la kujibu, umeme ulikatika. Mama akaleta mshumaa, na Tonton, ambaye sasa alikuwa amenogewa, akaiendeleza kazi juu ya meza. Kiberiti kikawa kichwa cha lori, rimoti ya televisheni ikawa tela, ambalo kwetu huitwa remoroki, na ukingo wa Biblia ya mama ukawa kona ya ile barabara ndogo. Kwenye pembe kabisa alisimamisha kizibo cha soda kiwe kibao. Akakipindisha kiberiti kulia polepole, akiivuta rimoti nyuma yake, na sote tukaona jinsi mkia wa rimoti ulivyokataa kuifuata njia ya kiberiti, ukakata kona kwa ndani na kukisukuma kizibo hadi kikaanguka sakafuni.

Kona zangu nilikuwa nimezipa nusu kipenyo cha mita 6, kama za mtaani, ilhali lori lake na tela lake vilizidi mita 20. Alirudia, safari hii akikipeleka kiberiti kushoto kwanza, karibu kuimeza njia ya wanaokuja, ndipo akakata kulia. Kizibo kikapona, kwa upana wa kidole. Akasema kwamba nguzo ya pale ninapopachora huwa imeinama siku zote. Wakiinyoosha, haimalizi mwezi. Nilimuuliza kama niichore imeinama. "Ichore imeinama, halafu upande ule ule ambao sisi tunaigonga." Mama aliomba Biblia yake.

Kesho yake umeme uliporudi tulimaliza safari. Kibao cha kuonya kuhusu kona kali nilikuwa nimekisimamisha mita 30 kabla ya kona. Tonton alihesabu kwa vidole, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ni mita 22 kwa sekunde, nilikuwa nimempa dereva sekunde moja na kitu. Nikakirudisha nyuma hadi mita 150. Lori bovu nililoliegesha njiani, na pembetatu yake nzuri nyuma, lilimchekesha. Alinitaka niweke matawi mabichi, mafungu manne au matano yakianzia mbali, majani yakielekea kwa anayekuja. Sikuwa na mfano wa tawi, nikalazimika kuukata mti mzima wa mchezo vipande vipande.

Tatizo la mwisho lilikuwa mpaka wenyewe. Zambia wanaendesha kushoto, sisi kulia, na barabara ni moja. Mchezo wenyewe una Uingereza upande mmoja na Ufaransa upande wa pili, lakini kati yao kuna bahari: lori linaingia kivukoni, kioo kinakuwa cheusi, ukitoka uko upande mwingine wa barabara na hakuna aliyeona ulivyohama. Niliiba ujanja huo. Nilisimamisha kivuko kisicho na maji kwenye lango la Kasumbalesa: unafika, giza, kisha unajitokeza Zambia, kwenye njia ya Chililabombwe, ukiwa kushoto.

Tonton aliipita giza hiyo mara mbili bila kusema neno. Kisha akauliza inachukua muda gani. Nikamjibu kwamba kwa saa ya mchezo ni dakika 60, nilizoziandika mwenyewe.

"Mimi safari hii nimelala pale siku nne," akasema. "Nimefua nguo, zimekauka, nimefua tena."

Nikalifungua lile faili mbele yake, nikafuta 60, nikaandika 5760.