Ibada hadharani Mombasa: Katiba inalinda nini, na watu hukwama wapi

Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kina neno ambalo wengi hulipita mbio: hadharani. Kila mtu ana haki ya kudhihirisha dini yake, peke yake au pamoja na wenziwe, hadharani au faraghani, kwa kuabudu, kufundisha na kushika siku yake ya ibada. Basi wanaoswali Idd kiwanjani, wanaohubiri injili Tononoka na wanaopita Mji wa Kale na matari ya Maulidi hawaombi hisani ya mtu. Kifungu hicho kinakataza pia mtu kunyimwa kazi, shule au huduma kwa sababu ya imani yake.

Lakini haki hii haimo katika zile nne za Kifungu cha 25 zisizoguswa kabisa. Inaweza kuwekewa mipaka, na mipaka yenyewe imepimwa na Kifungu cha 24: iwe imewekwa na sheria, iwe na sababu ya maana, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Anayeizuia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kwa hivyo askari wa kaunti akikuambia "ondoeni vitu vyenu", muulize kwa upole ni sheria gani na kifungu gani, kisha uandike jina lake na saa. "Tumeagizwa na wakubwa" si sheria.

Kwa maandamano na mikutano mikubwa, watu huchanganya mambo mawili. Kiwanja cha kaunti hukodishwa au huombwa kwa barua, maana kina mwenyewe. Polisi nao hupewa taarifa; hawaombwi ruhusa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa imfikie OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo siku 3 hadi 14 kabla, ikiwa na jina kamili la mwandalizi na mahali anapopatikana, tarehe, saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni), na uwanja au njia mtakayopita. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na urudi nayo. Ikiwa kundi jingine limeshatoa taarifa ya mahali na wakati ule ule, OCS anatakiwa akujulishe kwa maandishi. Jibu la mdomo kwenye kaunta halitoshi, na ndilo linalotolewa mara nyingi kwa sababu haliachi alama.

Kipaza sauti ndicho kigumu zaidi. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili alfajiri. Kwa makazi, kiwango cha nje ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili peke yake hufika kama 60. Piga hesabu kwa saa za Mombasa: adhana ya isha huingia kabla ya saa mbili, ile ya alfajiri huangukia usiku wa kisheria mwaka mzima, na kesha la maombi limo ndani ya usiku huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Udhibiti wa kelele ni kazi ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nayo ina mkono wake. Kwa maoni yangu, anayetegemea Kifungu cha 32 peke yake kutetea darsa la saa nne usiku kwa spika nne za nje atashindwa, kwa kuwa kupunguza sauti hakuzuii ibada. Adhana fupi ina hoja nzito zaidi. Spika za nje ziwe za adhana tu. Hotuba, darsa na kwaya zibaki kwenye spika za ndani. Spika ielekezwe barabarani, isielekee dirisha la chumba cha kulala cha jirani. Mashtaka mengi hapo yatakufa kabla hayajazaliwa.

Mambo yakifika mahakamani, usiende kwa kadhi na kesi ya hijabu kazini. Kifungu cha 170 kinampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale pande zote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Mlango wako ni Mahakama Kuu, au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikiwa ugomvi ni wa mwajiri na mwajiriwa. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za msingi, na kanuni za 2013 za kuendesha kesi hizo zinaruhusu hata barua au maelezo ya mdomo, ambayo mahakama itayaandika. Hata hivyo andika vizuri: wewe ni nani, nini kilitokea, kifungu gani kimevunjwa na kwa namna gani, umeumia vipi, kuna kesi nyingine gani, unaomba amri gani. Tangu kesi ya Anarita Karimi ya 1979, ombi linalosema tu "haki zangu zimevunjwa" huwa dhaifu.

Kuhusu umbo la kesi, tazama ile ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo. Mahakama ya Rufaa ilikubali hijabu mwaka 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, kwa kuwa mzazi aliingia katika kesi ya wengine kama mhusika mwenye maslahi na hoja yake ikaletwa kama ombi la kupinga ambalo halikufunguliwa ipasavyo. Hoja ikaanguka kwa utaratibu. Kumbe ukiwa na dai lako, fungua ombi lako mwenyewe. Usidandie la mwenzio. Mwaka huo huo wa 2019, mwanafunzi Mrastafari wa Nairobi aliyekuja na kesi yake mwenyewe alirudishwa darasani na rasta zake.

Kama Idd, mtihani au siku ya mkutano i karibu, ombi liende na cheti cha dharura (hati ya kuomba kesi isikizwe haraka) na maombi ya amri ya muda. Uambatanishe ile nakala yenye muhuri wa OCS, barua ya kaunti na picha zenye tarehe. Jaji hana namna ya kuamini muhuri ambao haukugongwa.