Betri yabisi zilishabeba abiria Paris zamani tu

Watu wengi wanaofuatilia magari ya umeme wanaziongelea betri yabisi kama kitu ambacho hakijawahi kugusa lami, yaani bado kiko maabara tu. Mi hilo linanisumbua, maana Paris zilitembea mtaani tangu Desemba 2011 na yaliyotokea kule yanafundisha kuliko matangazo yote ya kampuni.

Kwa wasiojua, betri ya kawaida ya lithiamu ndani ina majimaji yanayopitisha chaji kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hayo majimaji yanashika moto kirahisi. Betri yabisi inayatoa inaweka kitu kigumu, inaweza kuwa aina ya plastiki, seramiki au salfaidi (mchanganyiko wenye salfa), halafu pale kwenye grafaiti, ile kaboni inayohifadhi lithiamu ukichaji, unaweza kuweka lithiamu tupu na hapo ndo gari linapata uwezo wa kwenda mbali zaidi kwa uzito uleule.

Sasa kampuni ya Kifaransa ya Bolloré walichagua plastiki. Magari yao ya Bluecar yalikuwa ya kukodi kwenye mpango wa Autolib kule Paris, betri ya kilowati-saa 30, na yakaendelea mpaka 2018. Shida ni kwamba ile plastiki haipitishi chaji vizuri mpaka ipate moto, nyuzi 60 hadi 80 hivi, kwa hiyo gari hata likiwa limepaki betri inatakiwa ibaki ya moto. Kwa Autolib iliwezekana kwa sababu ukimaliza safari unalirudisha kwenye nguzo ya kuchajia unalichomeka, ila mtu binafsi akiliacha bila kuchomeka betri inajila yenyewe kwa kujipasha joto. Halafu Aprili 2022 mabasi mawili ya Bluebus, ya Bolloré haohao, yenye betri za ukoo huohuo yakawaka moto Paris ndani ya mwezi mmoja, namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, na RATP, shirika la usafiri wa umma la Paris, wakayatoa barabarani kwa muda mabasi 149. Kwa hiyo mtu akikwambia betri yabisi haiungui, mwambie lithiamu tupu nayo inaungua na vizuri sana.

Ndo maana mi nguvu zote naziona kwenye salfaidi. Mwaka 2011 mwanasayansi Ryoji Kanno na wenzake kule Japani walionyesha salfaidi inayopitisha chaji kwenye joto la kawaida sawa na majimaji, bila kupashwa chochote, na hapo ndo Toyota wameegemea wakishirikiana na Idemitsu, kampuni ya mafuta ya Japani, wanataka kuanza 2027 au 2028. Lakini salfaidi ikikutana na unyevu wa hewa tu inatoa gesi inayonuka mayai viza, tena ni sumu, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe kikavu kupita kiasi. Na lithiamu ukiichaji harakaharaka inaota sindano nyembamba sana, zinapenya kwenye nyufa ambazo hata huzioni kwa macho mpaka zinagusa upande wa pili, seli imekufa. Tena inavimba na kusinyaa kila ukichaji na kutumia, tabaka zinaachana, inabidi zikandamizwe muda wote.

Mercedes 2025 walitoka Stuttgart mpaka Malmö, kilomita 1,205 bila kuchaji njiani, kwa seli za Factorial, kampuni ya betri ya Marekani, na nilifurahi kweli kweli. Ila gari moja lililotunzwa na mainjinia sio maelfu yanayotoka kiwandani, so kampuni ikitangaza mi kilomita naziacha kwanza, nauliza imechajiwa mara ngapi kabla ya kuchoka, kwenye joto gani, ikikandamizwa kiasi gani.

Kwa sasa macho yangu yako Chiba, Japani, Idemitsu wanapojenga kiwanda cha lithiamu salfaidi, malighafi ya ile salfaidi ya betri. Hawa ni watu wa mafuta, na salfa yenyewe wanaipata kwenye kusafisha mafuta ghafi, kwa hiyo malighafi wanayo na ujuzi wa kuendesha mtambo mkubwa wanao, vitu ambavyo kampuni nyingi changa za betri hazina.