Kipimo kilisema sukari ya mama iko sawa

Karatasi ya majibu ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, iliandikwa asilimia 6.3. Kwa mgonjwa wa sukari hilo ni jibu la kushangilia, maana wengi huambiwa wajitahidi kushuka chini ya 7. Daktari akaanza kufikiria kumpunguzia mama dawa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimtoboa kidole kila asubuhi kabla ya chai, na daftari langu lilikuwa na 12.4, 11.8, 13.1 (mmol/L), zote za juu. Usiku alikuwa akiamka kukojoa hata mara nne.

Nikalibeba daftari hadi maabara. Mtaalamu alipitisha kidole polepole kwenye safu ya namba, kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo mama. Hivi karibuni uliongezewa damu?"

"Marahaba mwanangu. Chupa tatu. Vidonda vya tumbo vilivuja."

Zilikuwa zimepita wiki sita, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Sukari ya kwenye damu hunasa kwenye himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na HbA1c hupima sukari hiyo iliyonasa. Ikishanasa imenasa, mpaka chembe nyekundu ife, na chembe huishi siku 120 hivi. Ndiyo maana watu hukiita kipimo cha miezi mitatu. Sasa mama alikuwa na chembe za watu wasio na kisukari, pamoja na chembe changa ambazo mwili wake ulizitengeneza kufidia damu iliyopotea. Hazikuwa zimekaa na sukari yake muda wa kutosha. Selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, nayo huvuruga kipimo hiki, na huku kwetu Kanda ya Ziwa wenye nayo ni wengi, kwa hiyo kama mnayo semeni mapema.

Mtaalamu akashauri kipimo kingine, fruktosamini. Hiyo hupima sukari iliyonasa kwenye protini za majimaji ya damu, hasa albumini, na huonyesha wiki mbili tatu zilizopita. Alipima kwanza albumini yenyewe, kwa kuwa ikipungua sana jibu hupotoka. Safari hii kichupa kilikuwa cha kifuniko chekundu, si cha zambarau. Damu iliachwa igande, ikazungushwa kwenye mashine, juu yakabaki majimaji ya njano kama mafuta ya alizeti.

Jibu: 398, wakati kikomo cha juu cha maabara ile ni 285.

Dawa hazikupunguzwa. Mama alianzishiwa insulini ya usiku, na juzi asubuhi niliandika 7.9. Kipimo cha miezi mitatu tutakirudia itakapotimia miezi minne tangu aongezewe damu.