Siku moja maishani mwangu: spesi moja imenila siku nzima

Saa kumi na moja alfajiri adhana ishanitoa kitandani, chai na mahamri mawili na mbaazi za jana halafu mbio kuwahi feri ya Likoni. Sijafika hata ng'ambo simu inaita, kijana wa IT kwa mteja wetu. "Kaka, programu yenu inakufa kila nikiiwasha." Salamu hakuna lol.

Saa mbili ofisini. Laibrari yetu ya kubana picha imeandikwa kwa lugha ya C na ina kikomandi chake, kiprogramu cha kuendesha kwa kuandika amri, unaandika --ubora na namba. Najaribu --ubora=5, inafanya kazi. Narudia, inafanya kazi. Basi nikampa lile jibu letu la kijeuri, kwangu iko sawa.

Saa tatu mpaka saa sita nimelaumu Linux yake, memori yake, picha zake, kila kitu isipokuwa mimi.

Saa saba, mdomo umejaa viazi karai, nikamwambia hebu nipigie picha skrini yako. Kumbe yeye anaandika --ubora 5, na spesi katikati, mimi miaka yote mkono umezoea alama ya sawasawa. Najaribu kama yeye, pap, Segmentation fault, yaani programu imegusa memori isiyoruhusiwa ikauawa. Nikafungua gdb, chombo cha kusaka makosa, nikaandika bt kuona nani kamwita nani, nikaona imefia ndani ya strtol, iliyoitwa na atoi (zote za kugeuza maandishi kuwa namba), na atoi nimeipa optarg, pale inapokaa thamani ya opsheni, ambayo ni NULL, yaani hakuna kitu. Kodi hiyo nimeandika mimi wallahi, hata jina langu liko pale.

Iko hivi: kwenye getopt_long, ile inayosoma opsheni kama --ubora, niliweka optional_argument (thamani si lazima) nikidhani namfanyia mtu hisani, asiyetaka namba aiache. Lakini ukiweka hivyo getopt_long inachukua thamani iliyogandishwa kwa = tu, ukiweka spesi inahesabu hujatoa kitu, na optarg inabaki NULL.

Saa tisa nikaongeza if, ikiwa NULL tumia ubora wa kawaida. Nikafurahi dakika mbili. Haikrashi, lakini sasa inalalamika ati faili "5" haipo, manake ile 5 haikuchukuliwa na mtu, imeachwa kwenye argv, orodha ya maneno ya amri, ikaonekana jina la picha! Mkubwa wetu, sisi humwita Ami, akachungulia akasema, "We weka required_argument, thamani iwe lazima, asiyetaka namba asiandike opsheni kabisa." Nikabishana kidogo, atakayeiandika bila namba je? Lakini ana haki, huyo bora apewe ujumbe wa kosa kuliko programu kumfia mkononi. Nikabadilisha, spesi na = zote zikakubali, na atoi nikaitoa maana ukiipa "abc" inakurudishia 0 kimya kimya.

Saa kumi na moja jioni nimemtumia toleo jipya, niko kwenye foleni ya feri na joto lake, ujumbe unaingia. "Shukran kaka, sasa haifi. Ila nikiandika --Ubora inakataa."