Vidonge vya Ijumaa

Mamangu anashona kofia za mkono tangu usichana wake hapa Lamu. Miaka miwili iliyopita vidole vilianza kumvimba, ikawa asubuhi hawezi kushika sindano mpaka jua lipande. Majirani wakasema ni uzee. Daktari wa Mombasa alimpima damu, akampiga picha ya viganja, akasema ni baridi yabisi: kinga ya mwili imegeuka kuvila viungo vyake. Akamwandikia methotreksati, vidonge vinne vya miligramu 2.5, siku moja tu kwa wiki, na asidi foliki siku nyingine.

Tuliporudi, mtu alimwambia hiyo ni dawa ya saratani. Usiku akaniita chumbani. "Sinifite, mwanangu. Nina saratani?"

Nilimpigia daktari kesho yake na kumwekea simu asikie mwenyewe. Ni kweli, daktari alisema, dawa hii ilianzia kwenye saratani. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitoa taarifa za watoto wenye saratani ya damu waliopata nafuu kwa dawa ndugu yake, na methotreksati yenyewe ingali inatibu saratani hiyo mpaka leo. Huzuia seli kutumia foleti, vitamini ambayo seli haiwezi kugawanyika bila yake. Wagonjwa wa saratani hupewa kiasi kikubwa mara nyingi zaidi. Kiasi kidogo cha wiki hutuliza kinga iliyopotoka. Mama akashusha pumzi. "Basi nipe."

Tulichagua Ijumaa baada ya Magharibi, siku asiyoweza kuisahau. Asidi foliki ikawa Jumatatu. Wifi yangu alikuwa mjamzito, nikamwomba asivishike kabisa vidonge vile, kwa kuwa dawa hii huharibu mimba.

Mwezi wa tatu wa kutumia dawa ndio ulionitia hofu. Dawa zilikwisha, tukanunua nyingine, na muuzaji akaandika kwenye bahasha "4x1". Basi. Hakuandika wiki. Kila mtu hapa anajua 4x1 ni vinne kila siku. Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama na vidonge vinne kiganjani, maji yako tayari, na vya Ijumaa alikuwa ameshavimeza. Nikamshika mkono. Ukimeza dawa hii kila siku, mdomo hutoka vidonda, uboho huacha kutengeneza damu, na mtu anaweza kufa. Mpaka leo nikikumbuka kile kiganja moyo hunienda mbio.

Tangu siku ile pakiti nakaa nayo mimi. Kila Ijumaa natoa vinne tu, naviweka kwenye kikombe kidogo, na Mama anatia alama kwenye kalenda ya mlango wa jikoni. Bahasha yoyote ninayopewa naandika juu yake kwa kalamu nene: IJUMAA TU. Damu tulipima kila wiki mbili mwanzoni, kuangalia ini, figo na chembechembe za damu, na sasa kila miezi mitatu. Homa, vidonda vya mdomo, kikohozi kikavu au pumzi kubana: hapo hatungoji kalenda, tunakwenda hospitali.

Nafuu haikuja haraka. Wiki sita za kwanza alitaka kuacha, na kusema kweli hata mimi nilianza kukata tamaa. Wiki ya kumi alifunga vifungo vya kanzu ya mjukuu wake bila kuniita.

Mwezi uliopita alipata maumivu ya mkojo, akapewa Septrini dukani. Septrini na methotreksati havikai pamoja, vyote viwili hugombana na foleti na damu huweza kuporomoka. Nilikuwa Mokowe, ng'ambo ya bara, sikujua lolote. Mama alimwambia muuzaji, "Mimi niko kwenye vidonge vya Ijumaa," akatoa simu yake, akampigia daktari, akapewa dawa nyingine. Nilipovuka jioni nilimkuta barazani, kofia mapajani, anatunga uzi.