Windows 7 kwenye desktopu ya kizazi cha 6: eror inalia hapa, ugonjwa uko kule

Kuna mama mmoja hapa Morogoro ana kibanda cha stika, zile za vioo vya daladala na madigadi ya bodaboda, na mashine yake ya kukatia stika ni ya kitambo sana, draiva yake (ile programu inayoifanya Windows iijue) iko kwenye kisidii kimechubuka na inakubali Windows 7 ya biti 32 tu, basi. Nilishatafuta draiva mpya mpaka nikachoka, haipo. Na mashine yenyewe haina hata ubovu, inakata vizuri kuliko baadhi ya hizi mpya, sasa utamwambiaje mtu aitupe akanunue nyingine wakati inamlipia ada za watoto?

Wiki mbili zilizopita kompyuta iliyokuwa inaiendesha ikafa. Mazabodi imeungua, na diski nayo ilikuwa inagonga tik tik tik miezi mingi, nilishamwonya. Akapigiwa simu na mwanae wa Dar kwamba kuna desktopu nzuri za mtumba Kariakoo, ikaja kwa basi, i5-6500 (ile 6 ndo kizazi cha 6 cha Intel), ramu gigi 8, NVMe (zile diski mpya za kasi) ya gigi 256, safi kabisa. Mimi naitwa nimeshakuta iko mezani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, haya nipigie ile Windows yangu, kesho kuna mtu wa Toyo ana stika zake arobaini." Nikamjibu saa mbili tu mama, unachukua. Jamani. Saa mbili zilikuwa siku tatu.

Kabla sijaenda mbali, najua kuna mtu atasema kwa nini usiweke Windows 10 halafu ile 7 ukaiweka ndani kwa VirtualBox, ile programu ya kuendesha Windows ndani ya Windows. Nilianza na hiyo, sio mjinga. Iliwaka, mashine ya stika ikaonekana, nikatuma maandishi ya kawaida kabisa ABIRIA CHUNGA MZIGO WAKO, kisu kikatembea vizuri kikafika ABIRIA CHUNGA MZI kikasimama. Nikarudia, kikasimama hapohapo karibu. Nikabadili waya, nikabadili tundu, kwangu mimi haikukaa sawa, na mama anaangalia vinyo yake ya stika inavyoisha. Kwako inaweza kukubali, jaribu kwanza maana ni raha kuliko haya nitakayosimulia.

Basi nikaamua kuipiga Windows 7 moja kwa moja.

Kitu cha kwanza, flashi haionekani kabisa kwenye listi ya kubuti. Hii ilikuwa rahisi, kompyuta imewekwa UEFI tupu, ule mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, na Windows 7 ya biti 32 haijui UEFI, inataka ule mtindo wa zamani wa BIOS. Ukiingia kwenye BIOS (ile programu ya mazabodi yenyewe) unazima Secure Boot, ule ulinzi wa kubuti, kwanza, halafu unawasha Legacy, yaani ule mtindo wa zamani, zingine wanaita CSM, ukianza na Legacy kabla ya kuzima Secure Boot inaweza ikagoma kukuonyesha hata sehemu ya kubofya. Flashi yenyewe nimeitengeneza kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kubuti, nikachagua MBR, ule mpangilio wa diski wa zamani. Ikabuti, nikafurahi, ile nembo ya rangi nne ikaja, nikaagiza chai.

Narudi na chai, skrini ya kuchagua lugha imekaa pale, mausi imekufa. Taa yake ya chini imezimika kabisa. Kibodi nayo kimya, bonyeza Caps Lock hakuna taa. Na dakika mbili nyuma kibodi hiyohiyo ilikuwa inafanya kazi kwenye BIOS! Nikachomoa nikachomeka, nikahamisha matundu yote, nikaleta kibodi nyingine, wapi.

Sasa hapa ndo nataka muelewe maana ukielewa hii mengine yote yanakaa sawa. Ukiwa kwenye BIOS, USB inaendeshwa na BIOS yenyewe. Windows ikishaanza kuwaka inachukua usukani na inataka itumie draiva zake. Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009, na ndani yake hakuna draiva ya USB 3.0, Windows ya kwanza kuja nayo ndani ni 8, mwaka 2012. Zamani haikuwa shida kwa sababu kwenye mazabodi kulikuwa na mitambo miwili, ule wa USB 2.0 na ule wa 3.0, basi unachomeka flashi kwenye tundu jeusi unamaliza. Prosesa za kizazi cha 6 zilivyokuja 2015 Intel wakautoa ule mtambo wa zamani kwenye chipseti, matundu yote yanapita kwenye ule wa 3.0, liwe jeusi liwe la bluu. Kwa hiyo ule ushauri wa "chomeka tundu jeusi" ambao kila mtu anautoa ni kweli, ila ni wa kompyuta za nyuma ya hapo. Mimi mwenyewe nimewashauri watu hivyo miaka mingi, samahanini.

Nikakumbuka hii desktopu ina lile tundu la duara la zambarau nyuma, PS/2. Windows 7 inaijua PS/2 vizuri sana. Nikaenda kwa jamaa mmoja anayeuza chuma chakavu za kompyuta, nikapekua boksi la vumbi nikatoka na kibodi moja ya manjano iliyokuwa nyeupe, herufi E imefutika, elfu tatu. Nikachomeka, nikawasha upya, inaandika! Tab, Enter, Tab, Enter, nafika Install now, nabonyeza, inaniambia "A required CD/DVD drive device driver is missing".

CD. Hii kompyuta haina hata sehemu ya kuwekea CD.

Na hapa ndo nilipoteza jioni nzima, maana niliamini ilichoandika. Nikasema labda ISO, lile faili lenye Windows nzima, imeharibika, nikapakua nyingine kwa bando langu, gigi mbili na nusu hivi, nikabadili flashi, nikatafuta draiva za CD kama mwehu. Kumbe ni ugonjwa uleule. Setapu imewaka kutoka kwenye flashi kwa msaada wa BIOS, ikishaamka inaitafuta ile flashi iliyotokea ili ichukue mafaili, haiioni kwa sababu flashi iko USB na USB haina draiva. Wakati inaandikwa, watu walikuwa wanapiga Windows kwa DVD, ndo maana inafikiri kilichopotea ni draiva ya CD. Hailalamiki kwa ubaya, ni mzee anayetaja kitu anachokijua.

Dawa yake ni kuziingiza draiva za USB 3.0 za Intel ndani ya flashi kabla ya kubuti, kwenye mafaili mawili yako folda ya sources, boot.wim na install.wim. Nilitumia laptopu yangu ya Windows 10, cmd ya admini, na DISM, amri ya kufungua na kubadili mafaili hayo, ambayo imo humohumo huhitaji kupakua kitu. Hapa C:\w7 ni mafaili ya ISO niliyoyakopi, C:\usb3 ni draiva, C:\mt ni folda tupu, ukimaliza unarudisha mafaili kwenye flashi:

dism /Mount-Wim /WimFile:C:\w7\sources\boot.wim /Index:1 /MountDir:C:\mt
dism /Image:C:\mt /Add-Driver /Driver:C:\usb3 /Recurse
dism /Unmount-Wim /MountDir:C:\mt /Commit

Ukikopi mafaili kutoka kwenye ISO hakikisha umeitoa ile alama ya Read-only, la sivyo inakugomea mwanzoni kabisa. Na draiva ziwe za x86 kama Windows yako ni biti 32, x64 kama ni 64, usichanganye.

Nikaweka, nikabuti, mausi imekufa vilevile. Aisee nilitaka kulia. Kumbe boot.wim ina vyumba viwili, Index 1 na Index 2, na setapu yenyewe inaishi kwenye namba 2, mimi nimeweka namba 1 tu nikafunga mlango. Nikarudia kwa 2. Mausi ikawaka taa! Ile taa nyekundu chini ya mausi sijawahi kuifurahia namna ile.

Swali la diski sasa. "No drives were found". NVMe haionekani, na hii haishangazi, NVMe yenyewe maelezo yake ya kwanza yalitoka 2011, Windows 7 ilishakuwa mtaani. Microsoft walitoa kiraka baadaye, KB2990941, nacho unaweza ukakiingiza kwa DISM, lakini mimi niko Legacy kwa sababu ya biti 32, na BIOS ya hii kompyuta haibuti NVMe kwa Legacy. Sikubishana. NVMe nikaiacha, nikamuuzia mama SSD ya SATA ya gigi 240, ikaonekana papo hapo kwa sababu AHCI, ule mtindo wa kuongea na diski za SATA, Windows 7 inaijua. Wakongwe mnakumbuka enzi za XP, SATA ikiwa AHCI unakula skrini ya bluu 0x0000007B mpaka uende BIOS ubadilishe IDE au utafute flopi ubonyeze F6, basi 7 angalau hilo walilimaliza.

SSD ikagoma mara moja tu, "The selected disk is of the GPT partition style", GPT ni ule mpangilio mpya wa diski, maana niliwahi kuitumia kwingine. Shift na F10, diskpart, list disk, select disk, clean. Soma namba ya diski mara tatu kabla ya clean. Nina rafiki alifuta picha za harusi ya mteja kwa sekunde moja, sitaki kukumbuka.

Ikapiga, ikawasha upya, ikafika pale pa kuandika jina la mtumiaji, na mausi ikafa tena. Hapo nilicheka. Nilikuwa nimeweka draiva kwenye boot.wim tu, ile install.wim ambayo ndo Windows yenyewe inayokaa kwenye diski nimeisahau. Ile kibodi ya manjano ikaniokoa, nikaandika jina (la E nilipapasa), nikaingia ndani, nikaweka draiva za USB kwa kibodi tupu zikiwa zimekopiwa kwenye SSD na laptopu yangu. Nyie msifanye hivyo, wekeni kwenye install.wim mapema, ina vyumba vingi kwa ajili ya Home, Professional na kadhalika, angalia namba kwa dism /Get-WimInfo.

Kizazi cha 6 bado una bahati, draiva ya picha ya Intel ya Windows 7 ipo. Kuanzia cha 7 Intel hawakutoa, na Microsoft wakazuia hata apdeti za Windows 7 kwa prosesa hizo mwaka 2017. Na hizi mpya zaidi ambazo hazina CSM kabisa, ukipiga 7 ya biti 64 inaganda kwenye "Starting Windows", sio flashi wala ramu, ni kwamba 7 inaomba huduma ya skrini ya kizamani ambayo UEFI tupu haina. Mteja akikuletea kompyuta ya namna hiyo mwambie ukweli mapema, mimi ningekataa. Muulize kizazi kabla hajatoa hela Kariakoo.

Intaneti sikuiunganisha. Msaada wa Windows 7 uliisha tarehe 14 Januari 2020, kompyuta ya stika haina biashara na intaneti, kazi za wateja zinaingia kwa flashi ambayo inapita kwanza kwenye laptopu ya binti yake. Ramu inaonekana gigi 3 na kitu tu kati ya 8, mama kaniuliza zingine nimepeleka wapi, nikamweleza kwamba Windows 7 ya biti 32 haivuki gigi 4, akaniangalia vile mama anavyomwangalia fundi.

Tukajaribu. ABIRIA CHUNGA MZIGO WAKO, kisu kikaenda kikapita MZI, kikamaliza O ya mwisho, kikarudi mwanzo. Yule wa Toyo alishapeleka stika zake arobaini kwa mtu mwingine. Mama kanilipa bila kupunguza hata mia, ila ile kibodi ya manjano niliyonunua kwa hela yangu amekataa nisiichukue, anasema vitufe vyake vinasikika, na E ameshaiandika kwa maka peni.