Tramadoli baada ya oparesheni: namna ya kuitumia na siku ya kuiacha

Mgonjwa akirudi nyumbani na vidonge vya tramadoli, dawa kali ya maumivu, hukuta kila mtu ana lake la kusema. Shemeji anamwambia tramadoli ndiyo ileile wanayobugia vijana wa stendi, atatoka hapo teja. Mama mkubwa anamwambia ameze viwili kwa mpigo apate usingizi. Wote wanamtakia heri, na wote wanaweza kumponza. Anayeiogopa dawa kupita kiasi hulala chali kutwa, hakohoi, hageuki, mwishowe kifua kinajaa na nimonia inaingia. Asiyeiogopa kabisa anafika wiki ya tano bado anameza, mshono umeshafunga, na akikosa kidonge anatokwa jasho.

Kinga inaanza kabla hujatoka wodini: jua siku ya kuacha dawa tangu siku unayoianza. Muulize daktari au nesi anayekuruhusu, kwa maneno haya haya ukipenda: "Samahani daktari, hii kali naimeza siku ngapi, naipunguzaje, na nikiimaliza nabaki na ipi?" Kwa oparesheni nyingi za kawaida, kama henia, kidole tumbo au kujifungua kwa upasuaji, dawa kali huhitajika siku 3 hadi 5 hivi, na ni wachache wanaohitaji kuvuka wiki. Mfupa uliofungwa vyuma baada ya ajali ya bodaboda unaweza kudai wiki mbili. Ukiambiwa "endelea mpaka maumivu yaishe", uliza tena. Kidonda kinaweza kuuma kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na hayo si maumivu ya tramadoli.

Tramadoli, kodeini, pethidini na mofini ni jamii moja. Zinafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikipunguza taarifa za maumivu. Humo humo kwenye ubongo zinapunguza msukumo wa kupumua, na kwenye utumbo zinapunguza mwendo wa choo. Ukizimeza kila siku kwa wiki mbili tatu, mwili unajipanga upya kuendana nazo. Ukizikata ghafla unalalamika: miayo, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, usingizi kukimbia. Mtaani wanaita arosto. Inaweza kumpata yeyote aliyetumia kwa muda, hata mama wa kanisani asiyewahi kuonja pombe, na yenyewe peke yake haimaanishi kwamba mtu amekuwa mraibu. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa kwa sababu nyingine zaidi ya kidonda, anaona inamharibia na bado hawezi kujizuia.

Hatari yenyewe ni ndogo lakini ipo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia watu ambao hawakuwa wakitumia dawa hizi kabla ya upasuaji. Karibu 6 katika kila 100 walikuwa bado wanachukua dawa kati ya siku ya 90 na ya 180, na waliofanyiwa oparesheni ndogo hawakutofautiana sana na waliofanyiwa kubwa. Kilichowatofautisha ni sigara, pombe, dawa za kulevya, sonona, wasiwasi, na maumivu ya muda mrefu waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kwa hiyo ukitaka kujua nani wa kuangaliwa kwa karibu, tazama maisha yake kabla ya kupima urefu wa mshono.

Sasa ratiba. Msingi ni parasetamoli, ile tunayoidharau kwa sababu kila duka linayo. Mtu mzima mwenye kilo 50 na kuendelea anameza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Visizidi 8 kwa siku. Mwenye uzito mdogo, mgonjwa wa ini au mnywaji wa kila siku apangiwe pungufu. Juu yake, kama daktari ameruhusu, inaongezwa diklofenaki ya miligramu 50 mara tatu, au ibuprofeni ya 400 mara tatu, moja kati ya hizo, kamwe si zote mbili, na baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, presha au pumu asiziguse bila kumwambia daktari. Angalia pia vidonge vya mchanganyiko kama Diclopar: ndani yake kuna diklofenaki na parasetamoli tayari, kwa hiyo ukivimeza pamoja na Panadol na diklofenaki umezidisha dozi mara mbili bila kujua.

Parasetamoli na hiyo moja uliyoruhusiwa juu yake zikimezwa kwa saa zake zilizopangwa, bila kusubiri maumivu yapande, tramadoli inayohitajika inapungua sana. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaokoa Panadol "mpaka iume", ikiuma wanakimbilia kali.

Bahasha ya famasi nayo inataka kusomwa vizuri. Ikiandikwa 1x3, namba ya kwanza ni idadi ya vidonge na ya pili ni mara ngapi kwa saa 24. Mtu akimeza asubuhi, mchana na jioni, usiku kucha hana kitu mwilini. Ikifika saa 8 usiku, baridi ya Uyole au Makete imemkaza misuli, maumivu yamepanda, na mkono unaingia kwenye bahasha kutoa vitatu kwa mpigo. 1x3 ni kila saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ikiandikwa PRN, maana yake ni ukihitaji tu, huna deni la kuzimaliza. Kidonge cha tramadoli kilichoandikwa SR au retard kimetengenezwa kutoa dawa polepole kwa saa 12. Usikitafune, usikivunje, usikifungue, kwa sababu dozi ya nusu siku itaingia kwa mara moja.

Tramadoli ya kawaida ni miligramu 50. Mpaka wa juu kwa mtu mzima ni 400 kwa siku, na aliyevuka miaka 75 asifike 300. Huo ni ukuta, msiulenge. Aliyepo nyumbani siku ya tano na bado anahitaji vidonge 8 vya tramadoli kwa siku ana tatizo kwenye kidonda au kwenye dawa, na vyote viwili vinamrudisha hospitali.

Kipimo cha dawa kufanya kazi ni unachoweza kufanya. Je, anaweza kukohoa kwa nguvu akiwa amekumbatia mto tumboni? Anaweza kuinuka, kutembea hadi choo cha nje na kurudi? Anaweza kulala saa nne tano mfululizo? Kama ndiyo, dozi inatosha, hata akisema bado anasikia maumivu ya 3 katika 10. Anayetafuta sifuri ataendelea kuongeza. Chukua daftari la shule, chora safu nne: saa, dawa, maumivu, nilichofanya. "Saa 12 asubuhi, Panadol 2, diklofenaki 1, maumivu 5, nimetembea mpaka getini." Baada ya siku tatu utaona mwenyewe tramadoli ipi ilisaidia na ipi ilimezwa kwa mazoea. Dawa ishikwe na mtu mmoja anayemuuguza, ikae mahali watoto hawafiki, na vidonge vihesabiwe kila jioni bila ugomvi.

Anayesafiri kurudi Ileje, Chunya au Ludewa ameze dozi yake saa moja kabla ya gari kuondoka, akiwa amekula kidogo. Tramadoli huleta kichefuchefu, na kutapika kwenye kona za milimani kunavuta mshono kuliko mashimo ya barabara. Kanga iliyokunjwa ikae kati ya tumbo na mkanda. Kuendesha gari au pikipiki ukiwa kwenye dawa hii, hapana.

Choo kisisubiriwe kigome. Tangu kidonge cha kwanza: maji, dona, mboga za majani, parachichi, ambalo kwa Rungwe na Njombe halina udhuru. Siku ya tatu bila choo, bisakodili ya miligramu 5 hadi 10 usiku husaidia, ila aliyepasuliwa utumbo amuulize kwanza daktari wake. Nalitaja hili kwa sababu tumbo lililofunga linauma, mgonjwa anadhani ni oparesheni, anaongeza tramadoli, na tumbo linafunga zaidi.

Kuna maumivu ambayo hayatakiwi kufunikwa na kidonge. Yale yaliyokuwa yanapungua halafu siku ya tano yakapanda, pamoja na homa, usaha au mshono kuwa mwekundu na wa moto, ni dalili ya maambukizi. Mguu au mkono uliofungwa POP, yaani plasta ngumu, ukiuma kupita kiasi, vidole vikawa na ganzi, vya baridi au vimevimba, na kuvinyoosha tu ni mateso, ni dharura ya saa chache. POP inabana, damu haipiti, misuli inakufa. Mgonjwa huyo akidai dawa zaidi msimwite teja. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Kuacha. Aliyetumia chini ya wiki moja anaweza kuacha tu na kubaki na parasetamoli. Aliyevuka wiki mbili za kila siku apunguze kwa ngazi, na daktari wake ajue. Mfano wa anayemeza 4 kwa siku za miligramu 50: siku tatu anameza 3, siku tatu zinazofuata 2, siku tatu kimoja cha usiku, kisha basi. Anza kukata cha mchana, cha usiku kiwe cha mwisho. Ngazi ikimshinda, abaki hapo siku mbili tatu zaidi kisha aendelee kushuka, asirudi juu kabisa. Arosto ya vidonge hivi huanza ndani ya siku moja hivi, hukaza siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupoa ndani ya wiki. Tramadoli ina la ziada: inagusa pia kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, kwa hiyo wengine hupata hofu kali, ganzi na mawazo ya ajabu. Wajue mapema, ili wasidhani wamerogwa.

Dalili za kuanza kuteleza zinaonekana nyumbani kabla hazijaonekana kliniki. Vidonge vya siku tano vinaisha siku ya tatu. Anameza ili alale, au kwa sababu amegombana na mtu. Anaficha. Anamtuma mtoto duka la pili. Anakasirika akiulizwa idadi. Moja peke yake inaweza kuwa maumivu yasiyotibiwa vizuri, kwa hiyo anza kwa kuuliza anaumwa wapi. Zikiwa mbili tatu, rudini kwa daktari bila kumfokea. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, hayaruhusiwi kuuza dawa za jamii hii, kwa hiyo anayekuuzia chini ya meza hana namna ya kujua historia yako wala nia ya kuijua. Aliyewahi kutumia heroini, au anayekunywa sana, aseme kabla ya oparesheni. Hatanyimwa dawa ya maumivu kwa kusema. Atapangiwa nyingine, au ileile kwa siku chache na mtu wa kuishika. Anayetumia methadoni, kama wale wa kliniki ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, aendelee na dozi yake na atibiwe maumivu juu yake. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu atakuta dawa hizi zinaisha nguvu upesi. Asijiongezee mwenyewe. Mwenye kifafa au anayetumia dawa za sonona aseme pia, kwa sababu tramadoli inaweza kuleta degedege.

Pombe ni marufuku, na ulanzi ni pombe, komoni ni pombe. Vilevile diazepamu, ambayo wengi wanaiita Valium, na dawa za mafua zinazoleta usingizi. Zikikutana na tramadoli, pumzi inapungua mtu akiwa usingizini. Ukimwita mgonjwa haamki, anakoroma kwa mgugumio, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, au kwa dakika nzima ya saa anapumua chini ya mara 10, mlaze kwa ubavu na tafuteni gari. Msimnyweshe maziwa, yataingia kwenye mapafu. Chukueni bahasha zote za dawa, kwa sababu hospitali ipo dawa ya kuzuia mofini na ndugu zake, na watataka kujua alimeza nini na saa ngapi.

Kina mama waliojifungua kwa upasuaji, hospitali ya Meta jijini Mbeya au kwingineko: kodeini na tramadoli hazipendekezwi wakati wa kunyonyesha. Miili ya baadhi ya watu huzibadilisha haraka kuwa dawa kali zaidi, inapita kwenye maziwa, na mtoto anaweza kulemewa. Parasetamoli na ibuprofeni zinafaa kwa wengi wao. Kama ulishapewa tramadoli na mtoto amekuwa mzito kuamka, hanyonyi vizuri au anapumua kwa shida, mrudishe hospitali sasa hivi.

Vidonge vinavyobaki visiwekwe kwenye kabati la vyombo "kwa ajili ya siku nyingine", wala visipewe jirani mwenye mgongo. Virudishe famasi ya hospitali. Kama ni mbali, vitoe kwenye pakiti, vichanganye na majani ya chai yaliyotumika au majivu yenye maji, funga kwenye mfuko, tupa pamoja na taka, na ile bahasha yenye jina lako ichane.